Kisu cha zawadi kwa mpishi: kutoka msumeno wa mbao hadi jikoni

Visu vingi vinavyotengenezwa kwa mkono ili vitolewe zawadi huishia ndani ya droo, na kinachoviponza ni unene. Fundi huchukua bamba la springi ya gari lenye milimita 6 au 7, akalipunguza kidogo, akaling'arisha na kulitia mpini mzuri wa mpingo. Kisu kinapendeza machoni, lakini kikishushwa kwenye karoti kinaipasua kabla ya kuikata. Anayepewa anashukuru kwa dhati, na kesho yake anarudi kwenye kisu chake cha dukani chenye mpini wa plastiki, maana kile chembamba kinakata. Kwa hiyo wembamba utarudi karibu kila hatua ya maelezo haya.

Kisu ninachokifuata hapa ni cha dada yangu, mtu anayepika kila siku kwa watu wengi. Vipimo nitakavyotaja ni vya kisu hicho, na sababu za kila kipimo zitakusaidia kubadilisha pale mpishi wako anapokuwa tofauti.

Tazama kwanza mkono wa mpishi

Kwetu wapishi wengi hukatia mboga mkononi. Fungu la mchicha au sukuma wiki limebanwa kwa mkono mmoja, kisu kinakuja kikielekea kidole gumba. Kazi hiyo inataka kisu kifupi, chepesi, na kona ya kisigino, yaani pale makali yanapoishia karibu na mpini, iwe imeviringwa. Kona hiyo ikiachwa kali itamchoma kwenye kiganja siku ya kwanza tu. Anayekatia kwenye kibao anahitaji kimo zaidi, milimita 42 hadi 45 kutoka mgongo hadi makali, la sivyo vifundo vya vidole vinagonga kibao kila kisu kinaposhuka. Dada hufanya yote mawili, hivyo kisu chake kilipewa bapa la urefu wa sentimita 16, kimo cha milimita 36, na mpini wa sentimita 11 na nusu uliopandishwa kidogo kuelekea mgongoni ili vidole vipate nafasi.

Kama zawadi ni ya siri, kisu anachotumia sasa kitakueleza mengi. Kilaze juu ya karatasi ukichore pembeni, kisha uangalie kimelika wapi. Kilicholika karibu na ncha ni cha mtu anayemenya zaidi. Chenye bonde katikati ni cha mtu anayekata kwa kuvuta. Hamishia mchoro wako kwenye karatasi ngumu ya boksi, uikate, uishike mkononi ukifanya kama unakata kitunguu. Marekebisho ya umbo yafanyike hapo kwenye karatasi. Ukishafika kwenye chuma, kila milimita inadai diski na jasho.

Chuma gani kinafaa

Nondo iache. Ina kaboni kidogo, na haitafikia ugumu wa makali ya jikoni hata uizimishe, yaani uitumbukize kwenye mafuta ikiwa na moto mkali, mara ngapi. Springi ya gari ni chuma cha kweli, yenye kaboni karibu asilimia 0.6 na mara nyingi chromium kidogo. Inavumilia kishindo, ndiyo maana wahunzi wengi huifanya mapanga. Lakini kuishusha kutoka milimita 7 hadi 2 kunataka mhunzi mwenye mkono na mkaa mwingi, na springi iliyotembea barabarani miaka mingi inaweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana. Tupa ya zamani ina kaboni nyingi zaidi, karibu asilimia 1 au kupita, na makali yake hukaa. Shida ni kwamba meno yake yote lazima yasagwe hadi yaishe kabisa, kwa kuwa kila mfereji unaobaki ni mwanzo wa ufa, na baadhi ya tupa za bei ya chini ni ngumu juu tu, ndani laini.

Kwa kisu cha jikoni ninachagua msumeno wa duara wa mashine ya mbao, ule wa zamani uliotengenezwa kwa kipande kimoja, wenye unene wa milimita 2 hadi 2.5. Ukipasuka au kupinda, wenye mashine huuweka pembeni; mahali kama Mafinga, penye viwanda vya mbao kwa sababu ya shamba la miti la Sao Hill, si vigumu kuupata kwa bei ya chuma chakavu. Kataa msumeno uliochomelewa kwenye meno vipande vya kabaidi, ile metali ngumu sana. Bapa la msumeno huo mara nyingi ni chuma laini kilichokusudiwa kubeba meno tu.

Swali linaloulizwa sana ni hili: msumeno si tayari mgumu, kwa nini uchomwe tena? Fikiria unavyonolewa. Fundi mbao huuchonga meno kwa tupa, na tupa inauma. Maana yake umeachwa laini kuliko tupa, makusudi, ili unoleke na usivunjike meno. Kisu kikikatwa humo na kuachwa kilivyo kitakuwa kikali siku ya zawadi na butu wiki hiyo hiyo. Lazima kipite motoni.

Usiamini chuma chakavu kwa macho. Kata kijipande cha upana wa vidole viwili, kipashe moto mpaka sumaku ikatae kushika, ongeza kidogo, kisha kizamishe kwenye mafuta. Kikipoa kibane kwenye jiliwa, vaa miwani, kipige nyundo. Kikivunjika pa! na mahali pa kuvunjika pawe pa kijivu chenye chembe ndogo sana, umepata chuma. Kikipinda tu, kirudishe kwenye lundo. Kikivunjika lakini chembe zake ni kubwa zinazometameta kama chumvi ya mawe, chuma ni kizuri ila moto wako ulizidi. Jaribio hili ni la dakika chache na linaokoa kazi ya siku nyingi.

Kulainisha, kukata na kutoboa

Hakuna raha ya kutoboa msumeno ulivyo. Biti za drili zitakwisha. Pasha bamba mpaka sumaku iachie, lifukie kwenye ndoo ya jivu kavu, uliache usiku kucha lipoe polepole. Jivu lenye unyevu halisaidii. Asubuhi tupa inapaswa kuuma bila kulia.

Chora umbo, kata kwa grainda yenye diski nyembamba ya milimita 1, ukiacha milimita 2 nje ya mstari, kisha malizia kwa tupa. Chuma kinachoingia ndani ya mpini, yaani msuka, kiwe cha upana wote wa mpini na kifike mwisho wake. Msuka mwembamba wa kuchomeka ni mwepesi, lakini ukilegea hakuna wa kuukaza jikoni.

Matundu ya ribiti, yaani pini zinazoushika mpini, yatobolewe sasa, kabla ya kuzimisha. Ribiti rahisi kupata ni vijiti vya shaba ya njano vya kuchomelea, vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya welding. Chagua vitupu visivyopakwa unga, vya milimita 3 hivi, utoboe kwa biti ya 3.2. Mawili yanatosha, moja sentimita 2 kutoka mbele ya mpini na jingine sentimita 2 kutoka nyuma. Katikati toboa matundu mengine makubwa ya milimita 6 hadi 8: yanapunguza uzito wa nyuma na gundi hupita humo ikaunganisha vipande viwili vya mti. Msumari wa kawaida usiufanye ribiti. Utashika kutu ndani ya mti na kuupasua.

Kabla ya kuanza kusaga makali, weka alama ya katikati ya unene. Laza bapa juu ya meza iliyonyooka, chukua biti ya drili yenye kipenyo sawa na unene wa chuma, ilaze nayo, uikokote ncha yake kando ya makali. Geuza bapa urudie. Mikwaruzo miwili itakuonyesha katikati ilipo, na utajua wakati upande mmoja unaliwa kuliko mwingine. Kwa bapa la milimita 2, usisage sana kabla ya moto. Acha ukingo wa makali uwe na milimita 1 kamili. Ukingo wa nusu milimita utajikunja kwenye mafuta au kupasuka.

Moto

Mkaa unatosha, na wenye historia ya chuma katika nchi zetu hawatashangaa: wafuaji wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hofu ya mwanafunzi ni kwamba jiko lake halitafika joto linalotakiwa. Hatari hasa ni kupitiliza. Unachohitaji ni nyuzi kama 820 za Selsiasi, na mkaa mgumu ukipulizwa kwa feni unavuka hapo upesi sana.

Tatizo la jiko la kawaida ni umbo lake. Ni la mviringo na linapasha kipande cha sentimita 8 katikati, huku kisu kina sentimita 16 za bapa. Chimba mfereji mfupi kwenye udongo au panga matofali uupate wa urefu wa sentimita 30, upulize hewa kwa bomba lenye matundu lililolala chini. Bomba hilo lisiwe la maji lililopakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata homa na kutetemeka usiku. Chagua bomba la chuma kitupu.

Fanya kazi hii jioni au ndani ya kivuli kizito. Jua la mchana linaficha rangi. Chuma ambacho kwenye kivuli ni cha rangi ya chungwa, juani kinaonekana hakijaiva bado, na hapo ndipo watu wanapokichoma kupita kiasi. Sumaku haidanganywi na jua. Inaacha kushika kwenye nyuzi 770, na baada ya hapo unahitaji rangi ipande kidogo tu, basi.

Kwanza, mara tatu bila mafuta: pasha mpaka sumaku iachie na kidogo zaidi, toa, acha kipoe hewani mpaka weusi urudi, rudia. Mara ya pili joto lipungue kidogo, ya tatu lipungue tena. Hatua hii inaondoa mivuto iliyobaki ndani ya chuma kutokana na kukatwa na inarudisha chembe ndogo. Ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kurukwa kwake ndiko sababu kubwa ya visu kutoka kwenye mafuta vimejipinda.

Mafuta ya kuzimishia: lita 4 au 5 za alizeti kwenye chombo cha chuma kirefu kuliko kisu, chenye kifuniko. Oili chafu ya injini iache kabisa. Moshi wake una mabaki ya metali, na hiki ni chombo cha chakula. Pasha mafuta kwanza mpaka nyuzi 50 au 60 kwa kutumbukiza kipande cha chuma chenye moto. Mafuta ya uvuguvugu ni mepesi, yanapoza haraka zaidi kuliko ya baridi yaliyo mazito. Ndoo ya plastiki isisogee hapo. Mchanga uwe karibu, na maji yawe mbali: maji juu ya mafuta yanayowaka yanarusha moto kwenye paa.

Pitisha kisu mbele na nyuma ndani ya mfereji mpaka rangi iwe moja kutoka kisigino hadi ncha. Ncha ni nyembamba na inatangulia, kwa hiyo itoe nje ya joto mara kwa mara. Ikiwa sawa, shika kwa koleo, ingiza ncha ikiwa chini, moja kwa moja, bila kusitasita hewani. Kisogeze juu na chini tu. Ukikipeleka kushoto na kulia upande mmoja unapoa kabla ya mwingine na bapa linakunjika. Moyo hudunda hapo, sikatai. Sauti ndogo ya "ti" kutoka ndani ya mafuta ni ufa, na kisu chenye ufa hakirekebishiki wala hakitolewi zawadi.

Baada ya sekunde 10 hivi kitoe ukibane mara moja kati ya vyuma viwili vinene vilivyonyooka kwenye jiliwa, ukiache kipoe humo. Bapa jembamba hunyookea hapo, maana kwa dakika chache za mwanzo bado linakubali kurekebishwa. Likishapoa kabisa, usijaribu kulinyoosha kwa nyundo. Litavunjika.

Sasa pitisha tupa kwenye makali. Inapaswa kuteleza na kutoa sauti kali. Ikiuma kidogo juu, piga mara tatu nne. Tabaka la nje hupoteza kaboni motoni na chini yake kuna ugumu. Ikiendelea kuuma, joto halikutosha, rudia kuanzia zile mara tatu za kupoza hewani.

Kuoka

Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu na chepesi kuvunjika. Kikianguka kwenye sakafu ya saruji unaweza kuokota vipande. Kisikae usiku hivyo. Safisha upande mmoja kwa msasa mpaka ung'ae, kiweke ndani ya oveni kwenye nyuzi 200 kwa saa 2, kitoe kipoe, kirudishe saa 2 nyingine. Oveni nyingi za nyumbani zinakosea nyuzi 20 au zaidi, na za gesi zina moto mkali karibu na mstari wa miali. Fukia kisu kwenye trei ya mchanga mkavu katikati ya oveni, na kipima joto kidogo cha oveni kiwe pembeni yake. Rangi unayoitafuta kwenye ule upande uliosafishwa ni ya nyasi kavu iliyofifia. Ikifika kahawia umekaribia nyuzi 250, zambarau ni 270 na zaidi, na bluu imekwisha kulegea mno kwa jikoni.

Asiye na oveni anaweza kutumia sufuria pana yenye mchanga juu ya mkaa mchache, kipima joto kikiwa kimechomekwa mchangani. Kazi ni ileile, ila utakaa nayo saa zote, ukiongeza na kupunguza makaa.

Hapa ndipo kisu kinapopatikana

Watu hudhani moto ndio kazi yenyewe. Kwangu, kisu cha jikoni hupatikana baada ya hapo, kwenye kusaga. Lengo ni ukingo wa makali wenye milimita 0.2 hadi 0.3 kabla hata hujagusa kinoo, na unene uongezeke taratibu mpaka mgongoni, bila bega, yaani bila kupanda ghafla. Pima kwa vernia, usikisie. Ukiacha milimita 0.7, kinoo kitatoa makali yanayonyoa nywele za mkono lakini kisu hakitapita kwenye kiazi.

Saga bila glavu. Kwanza, glavu ikishikwa na kinachozunguka inavuta mkono. Pili, vidole vitupu vinasikia joto: kikiwa cha moto kushika, chovya majini. Karibu na makali chovya kila baada ya mpito mmoja. Doa la bluu likitokea ukingoni, ugumu wa pale umepotea, na hakuna msasa unaourudisha. Ama saga sehemu hiyo iishe yote ama urudi motoni. Miwani na barakoa zisitoke usoni. Asiye na mashine ya mkanda ajue kwamba tupa haitafanya kazi tena hapa, chuma sasa ni kigumu kama yenyewe. Atahitaji msasa namba 60 au 80 uliofungwa kwenye kipande cha mbao ngumu, jiwe la kusagia, na siku kadhaa.

Kisha misasa ya mkono kwa maji yenye sabuni: 120, 240, 400, 600. Kila namba ipite kwa mwelekeo unaokatiza wa namba iliyotangulia, mpaka mikwaruzo ya zamani iishe yote. Ukiruka namba, mikwaruzo ya 120 itakuchungulia ukiwa kwenye 600 na utarudi mwanzo.

Mpini

Mpingo ni mzuri kupita maelezo, na vipande vidogo vinavyobaki kwa wachonga vinyago, kama pale Mwenge, Dar es Salaam, vinatosha mpini mmoja. Ni mzito, unazama majini, na hilo linavuta uzito wa kisu nyuma. Una mafuta yake pia, na gundi haiushiki vizuri: ufute kwa asetoni na upake gundi dakika hizohizo, kabla mafuta hayajapanda tena. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Mninga ni mwepesi, unachongeka, na unajulikana kwa kutocheza sana ukikauka. Kwa kisu cha dada nilichukua mninga, kwa sababu kisu kilikuwa chepesi na nilitaka kibaki hivyo.

Mti wowote uwe umekauka na umekaa ndani ya nyumba wiki kadhaa. Mpini uliofungwa Tanga kwenye unyevu wa bahari ukipelekwa Dodoma utasinyaa, na kingo za msuka zitajitokeza na kukwaruza kiganja.

Pasua vipande viwili vya unene wa milimita 9. Ncha zao za mbele, zinazotazama bapa, zichongwe na kung'arishwa kabisa kabla ya gundi. Baadaye huwezi kuzigusa bila kukwaruza chuma. Kwaruza msuka kwa msasa namba 80, futa mafuta, changanya gundi ya sehemu mbili inayokauka kwa saa 24. Ile ya dakika 5 inakufa haraka jikoni kwenye maji ya moto. Bana kwa nguvu ya kiasi, maana ukikaza mno gundi yote inatoka na viungo vinabaki vikavu. Futa iliyotoka mbele kwa spiriti wakati bado mbichi. Funika bapa lote kwa utepe kabla ya kuanza kuchonga mpini, na makali yasinolewe mpaka mpini umekwisha.

Umbo la yai lenye kimo cha milimita 24 na unene wa 18 linakaa vizuri katika mikono mingi, na kidole kinajua makali yalipo hata bila kutazama. Mpini wa duara kamili unazunguka mkono ukiwa na mafuta. Unapopunguza vichwa vya ribiti nenda polepole, kwa kuwa shaba inapeleka joto ndani na gundi inalegea. Malizia kwa nta ya nyuki na mafuta ya nazi, sehemu moja kwa tatu, yaliyoyeyushwa pamoja na kusuguliwa mara kadhaa. Vanishi iache, inateleza na kubambuka.

Kunoa, na kinachoandamana na zawadi

Kinoo namba 1000, kisha 3000 kama unacho. Pembe ni nyuzi 15 kila upande. Kwa kisu chenye kimo cha milimita 36 hiyo ni kuinua mgongo kama milimita 9 kutoka kwenye jiwe. Noa upande mmoja mpaka kidole gumba kisikie kijiukingo kilichopinda upande wa pili kutoka kisigino hadi ncha, ndipo ugeuze. Punguza nguvu kila unapogeuza, malizia kwa kuburuta juu ya mkanda wa ngozi. Nyanya iliyoiva ikatike kwa uzito wa kisu, bila kusukumwa.

Chuma hiki kinashika kutu. Mwambie mpokeaji wazi kabla hajashtuka, hasa kama anaishi pwani. Ndimu, ukwaju na nyanya zitakifanya kijivu na baadaye cheusi, na weusi huo hauna madhara. Kutu nyekundu ndiyo ya kuondoa. Nilikitumbukiza bapa kwenye kahawa kali yenye siki kwa saa moja kabla ya kukabidhi ili kipate kijivu cha sawasawa, kwa sababu madoa ya siku ya kwanza huwatia watu wasiwasi kwamba wamekiharibu. Kikitumika kioshwe, kifutwe mara moja, kipakwe tone la mafuta ya nazi. Alizeti hugeuka gundi kwenye chuma.

Mambo mengine ya kumwambia: kisikate mifupa wala nyama iliyoganda, mgongo wake usipasue nazi, ncha isifungue makopo, na makali yasinolewe kwenye ngazi ya saruji. Hilo la mwisho halizuiwi kwa maneno. Toa kisu pamoja na kinoo, ukae na mpokeaji robo saa mnoe wote. Kikisafirishwa kwa ndege kiwe kwenye mzigo unaokabidhiwa, ndani ya ala ya karatasi ngumu iliyofungwa vizuri.

Kuhusu fedha, chuma na mti ndiyo sehemu ndogo. Kinachomaliza mfuko ni diski, misasa, gundi na lita za mafuta. Ukilazimika kununua grainda na drili kwa kisu kimoja, gharama itapita mbali kisu kizuri cha dukani. Afadhali umlipe fundi wa karakana kwa kukata na kutoboa, moto na kusaga ukabaki navyo mwenyewe. Anza wiki nne kabla ya siku ya zawadi. Jivu, oveni na gundi vyote vinadai kusubiriwa, na bapa la kwanza lisipotoka salama kwenye mafuta unahitaji muda wa la pili. Kata mabapa mawili tangu mwanzo.

Baada ya mwezi mmoja kiombe ukikague. Pitisha kidole kwenye kingo za mpini: mti ukiwa umesinyaa, msasa namba 400 kidogo na nta vinarudisha usawa. Angalia pia makali kwenye mwanga. Yakiwa yamejikunja, pembe uliyokuwa umeweka ni ndogo mno; iongeze kwa kunoa mara chache kwenye nyuzi 18. Yakiwa yamemeguka vipande vidogo, kuoka hakukutosha; toa mpini, rudisha bapa kwenye oveni kwa nyuzi 215 saa 2, ukifunge upya.